Kibana Springi cha Kitanda cha Mama

Baba alikata kitanda cha mama siku ya soko, mama akiwa Kitale mjini anauza kabeji. Alitoa godoro akaliegemeza ukutani, akakipindua kitanda juani mbele ya nyumba, akaanza kukikata miguu kwa msumeno wa chuma. Mimi nilikuwa darasa la saba na nilikuwa na mdomo. Nikamuuliza mama atalala wapi. Hakuinua hata kichwa.

"Chini imehama?" aliniuliza.

Kilikuwa kitanda cha vyuma vya pembe, vile vinene vya zamani, na mama alikuja nacho siku alipoolewa. Kaka zake walikibeba mabegani kutoka kwao hadi kwa baba wakiimba, na mama alipenda kutusimulia jinsi watu walivyotoka majumbani kukitazama. Hakuna kitu kingine katika boma letu kilichokuwa chake kwa namna ile. Sufuria zilikuwa za baba, kuku walikuwa wa baba, hata sisi watoto tulikuwa wa baba. Kitanda kilikuwa cha mama.

Alichokuwa akitengeneza baba ni kibana springi. Springi ya mbele ya gari haitolewi hivi hivi. Inakaa imekandamizwa, na ukifungua nati ya juu kabla hujaibana, inafyatuka na kukupasua uso. Gereji za mjini zilikuwa na chombo cha dukani cha kuibana, lakini hazikumwazima baba, kwa sababu alikuwa fundi wa nyumbani anayewachukulia wateja wao. Basi akachukua vyuma vya kitanda, akavikata vipande, akavitoboa, akapitisha bolti ndefu za haro ya trekta na kuchomelea ndoano za kushika springi juu na chini. Ukikaza nati, ndoano zinakaribiana na springi inasinyaa. Mkulima mmoja wa Tongaren alikuwa ameacha pikapu yake kwetu kwa sababu ya springi, na jioni ile ile aliondoka nayo akipiga honi.

Mama alipofika alisimama akatazama miguu ya kitanda chake iliyotupwa kando ya ghala la mahindi. Alitua kikapu.

"Umenibakishia vijiko?" akauliza.

Baba alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri sana, na ndicho kilichowadanganya watu wengi, mama akiwa wa kwanza. Mama akaingiza godoro ndani, akalilaza sakafuni, akaenda kuwasha moto. Sikumwona akilia. Nilimchukia kwa kutolia, nikamchukia baba zaidi.

Hivyo ndivyo vyombo vya baba vilivyokuwa. Kila kimoja kilitoka kwa mtu. Chombo cha kufungulia filta ya oili kilikuwa mnyororo wa baiskeli uliochomelewa kwenye kipande cha bomba, na mnyororo ule ulitoka kwenye baiskeli ya kaka yangu, aliyeisukuma kwenda shule hadi alipochoka akawa anatembea tu. Kijiti cha kunyooshea klachi kilichongwa kutoka kwa mwiko wa ugali, mti mgumu ambao nyanya yetu alimwachia mama. Cha kubania ringi za pistoni kilikuwa bati la mkebe wa mafuta ya kupikia ambao mama alihifadhia unga. Ukimuuliza baba, alisema chuma kinachokaa bure ni dhambi. Nilitamani kumuuliza kama mtu anayelala juu ya chuma anahesabiwa kuwa bure, ila mdomo wangu ulikuwa na mipaka, na mipaka yenyewe ilikuwa mkono wa baba.

Ubaya wa mambo ni kwamba vilifanya kazi. Ningependa kusema vilivunjika, vikamwaibisha. Havikuvunjika. Baba aliwahi kuendesha na kutengeneza matrekta kwenye shamba kubwa kabla shamba hilo halijagawanywa, na macho yake yalijua chuma. Watu walitoka Tongaren, walitoka barabara ya Suam, walileta pikapu zinazokohoa na matrekta yaliyokufa msimu wa kulima. Walimsifu. Wakati huo mama alikuwa anakohoa kuliko pikapu hizo. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo, na mvua ya Kitale mnaijua, inaingia chini ya ukuta na kukaa. Godoro likaoza, akahamia mkekani. Kifua kikamchukua polepole. Alifariki nikiwa nimeshaolewa Bungoma, nami nikafika nikakuta jeneza limeinuliwa juu ya viti. Niliwaza kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa muda mrefu amelazwa mahali pa juu.

Mume wangu wa Bungoma alikuwa dereva wa lori la miwa. Sitasema mengi juu yake, maana hastahili karatasi. Alikuwa mtu wa kanisa, mtanashati, mwenye sauti laini barabarani. Nyumbani alinipiga kwa mshipi wa feni, ule ukanda wa mpira wa injini ya lori. Aliuning'iniza msumarini nyuma ya mlango pamoja na koti lake la mvua, na alipouchukua niliweza kujua kwa mlio wa msumari kama anatafuta koti au ananitafuta mimi. Nilivumilia hadi mtoto wetu alipoanza kusimama na kushika ukuta. Siku moja nikamwona anacheza na ule mshipi, anapiga nao kiti. Nikafunga nguo zangu ndani ya sanduku la bati, nikambeba mtoto mgongoni, nikarudi Kitale kwa baba.

Baba alinikuta nimekaa juu ya sanduku mlangoni. Alilitazama sanduku kwanza.

"Hiyo ni bati ya geji gani?" akauliza.

Kesho yake alilikata katikati. Nusu moja ikawa trei ya kumwagia oili chafu, nusu nyingine akawekea nati. Nguo zangu alizirundika kitandani, na ninaposema kitandani ninamaanisha chake, cha mbao, ambacho hakuna aliyekigusa. Nikamwambia kwamba lile ni sanduku langu la safari.

"Kwani unaenda wapi?" akasema, na akacheka kile kicheko chake.

Nilidhani amenipa makao. Nakumbuka furaha niliyosikia, furaha ya kijinga kabisa. Nikavaa ovaroli yake kuukuu nikaanza kazi, maana kaka yangu alikuwa karani wa ghala la mahindi mjini na alichukia grisi kama ukoma. Baba mwenyewe mgongo ulianza kumkataa. Alihitaji mikono, na mikono ikawa yangu.

Alinifundisha kwa matusi. Nikikaza nati vibaya aliniambia ndiyo maana niliachwa, ingawa sikuachwa, niliondoka mwenyewe. Nikiuliza swali alijibu mteja badala yangu, akimwambia, "Huyu ni yule wangu wa kurudishwa dukani." Wateja walicheka. Mimi nikashika kazi. Nilijifunza kupasha moto bomba la maji hadi liwe jekundu, kulipigilia juu ya nati kubwa mpaka litwae umbo lake, na hapo umepata spana ambayo duka zima la Kitale halina. Nilijifunza kupima mwanya wa pointi za kuwashia injini kwa nyembe zilizopangwa pamoja. Nilijifunza kusikiliza injini kwa kuegemeza mpini wa jembe kwenye chuma na ncha nyingine sikioni. Nilizipenda kazi zile. Nalisema wazi kwa sababu watu hudhani mwanamke chini ya gari yuko pale kwa shida tu. Chini ya gari hakuna mtu anayeweza kukufikia kwa urahisi.

Kisha ikaja siku ya mtulinga. Nilikuwa nabana springi ya pikapu ya mwalimu mmoja, na baba ananiharakisha kwa sababu mwalimu amesimama anatazama saa. Ndoano moja iliteleza. Sikuona kitu, nilisikia tu mlio, na nilipofumbua macho nilikuwa chali karibu na ghala, bega langu limekaa mahali si pake. Baba alikuja mbio. Akanipita. Akaokota kibana springi, akakiinua machoni, akakitazama urefu wake wote kwa jicho moja.

"Hakijapinda," akamwambia mwalimu.

Halafu ndipo akanikagua mimi.

Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika. Nilikaa na mkono kwenye kitenge mavuno yote, na nilipopona kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kurekebisha kile chombo. Nilichomelea midomo kwenye ndoano ili springi isiweze kuteleza, nikaongeza mnyororo wa kuizunguka ili hata ikifyatuka isiende mbali. Baba alisimama akitazama bila kutukana, na kwake hiyo ilikuwa sifa. Tangu hapo vyombo vikawa vyetu. Vingine vilikuwa vyangu kabisa: kivuta bearing nilichokitoa kwenye plau lililovunjika, kibao cha kulalia chenye magurudumu ya bearing kuukuu, cha kuingilia chini ya gari. Wateja wakaanza kuniita fundi mbele ya baba. Mzee mmoja wa Tongaren alisema hataki baba aguse trekta yake, anataka yule msichana. Baba alicheka siku hiyo, lakini kifupi.

Mume wangu alikuja kunidai kila mwaka. Alikuja na wazee wake, wamevaa makoti, wanakalishwa kwenye viti, wananyweshwa chai, halafu mmoja anakohoa na kusema ng'ombe zao zimo katika boma hili na mke wao pia. Nami nilikuwa chini ya gari nikisikiliza. Baba aliwajibu kila mara kwa adabu kubwa.

"Wakwe zangu, si nimekataa. Acheni tumalize mavuno, bana. Hii kazi imetushika."

Nilimbariki moyoni kwa maneno hayo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuna msimu usio na kazi, na kwamba baba hakuwa akinilinda. Alikuwa akinitumia, kama mtu anayekaa na spana ya kuazima akijua iko siku ataulizwa. Nilipoelewa, nilikasirika, kisha nikafanya hesabu yangu mwenyewe. Baba anazeeka. Kaka hajui tofauti ya bolti na skrubu. Baba akifa na vyombo vikabaki mikononi mwangu, nitakodi kiwanja mjini Kitale, nitalea mtoto wangu, na Bungoma sitairudia hata kwa maiti. Vyombo visiponibakia, sina kitu. Dukani havinunuliki, na kuvitengeneza upya kunataka chuma, gesi ya kuchomelea, na mahali ambapo hakuna mtu anayekufuata na mshipi wa feni. Kila kitu changu kilining'inia hapo.

Nilimuuliza siku moja tukiwa tunaosha mikono kwa petroli.

"Baba, hivi vyombo utamwachia nani?"

"Ati nimeanza kunuka?" akasema. "Subiri nife kwanza, mama."

Aliniita mama, jina ambalo hakuwa ameniita tangu nikiwa mdogo, na nikalichukua kama ahadi. Nilikuwa na njaa ya ahadi.

Kisukari kilimkata mguu mmoja, kisha kikaanza kuula wa pili. Akakataa kiti cha magurudumu cha kanisa, akalalia kile kibao changu cha bearing, akawa anajisukuma kwa mikono kutoka nyumbani hadi kwenye kibanda cha kazi, na kutoka pale chini alinipigia kelele ninapofanya kazi. Nilimwosha. Nilimbadilisha bandeji, nikamlisha uji kwa kijiko, na yeye akatema ukiwa na sukari akisema nataka kumwua nirithi. Wakati mwingine nilitaka kweli. Siku moja nilikisukuma kibao kile, yeye akiwa juu yake, karibu na mteremko wa mto, nikakishikilia, tukatazama maji, na baba akanitazama akacheka.

"Sukuma basi," akasema. "Si una mikono?"

Sikusukuma. Nilihitaji aseme neno lake mbele ya watu kwanza.

Akalisema. Alipoona siku zimeisha alituma watu waitwe: wazee wa ukoo, mchungaji, kaka yangu, na mume wangu kutoka Bungoma. Walikaa chumbani kumzunguka. Mimi nilikuwa nagawa chai. Aligawa shamba kwa kaka. Aligawa ng'ombe. Alitaja spana za dukani na msumeno, vyote kwa kaka. Nikatua birika.

"Sasa hizo vyombo zangu za kutengeneza kwa mkono," akasema. "Msigawe. Msiuze. Mkimwaga simiti ya kaburi yangu, mziweke ndani mahali pa nondo. Zote. Nimesema."

Hakuna aliyecheka. Kwetu neno la mtu anayekufa halichezewi. Hata mlevi wa kijiji hulitii, kwa sababu kila mtu anamjua mwingine aliyelipuuza akazaa watoto wasioona. Kaka alifungua mdomo, maana chuma kile hata kwa bei ya chakavu kilikuwa kitu, lakini mzee mmoja akamtazama na akaufunga.

"Baba," nikasema mbele ya wote, "na mimi?"

"Wewe uko na kwenu. Kwenu ni Bungoma."

Mume wangu akainama kwa heshima. "Baba amesema vizuri sana," akasema. "Mimi sina shida. Hata chuki sina. Niritengeneza nyumba, niko na kitanda mpya ya chuma, mke akuje tu."

Walipotoka nilibaki. Nilitaka kumshika shingo. Nilimuuliza kwa nini, nikamkumbusha mtulinga, nikamkumbusha ni nani aliyekuwa akimsafisha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa sauti ya chini, karibu ya upole, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko matusi yake yote.

"Nikikuachia hizo vitu, utakaa hapa mpaka ufe. Na mwanamke mwenye aliolewa hazikwi kwa babake. Watakuweka nje ya ua kama mbwa. Unataka hiyo?"

"Nitakuwa nimekufa, Baba. Nitajuaje?"

"Mimi nitajua," akasema.

Nadhani aliamini. Nadhani pia hakutaka wale ng'ombe warudishwe, na hakutaka watu waseme yule msichana alikuwa fundi kuliko yeye. Mtu anaweza kuwa na sababu kadhaa na zote zikawa za kweli. Mimi nilitazama mdomo wake, nikawaza kwamba hata mautini hajui kugawana. Akafa wiki hiyo.

Walipofika kwenye simiti, wazee wakagundua kwamba hakuna anayejua kuvipanga vyuma vile vishikane. Vilikuwa vya kila umbo, vingine ndoano, vingine mabomba. Wakaniita. Nikatoka jikoni na kanga yangu ya matanga kiunoni, nikapiga magoti juu ya kaburi la baba, wakanipa koleo na waya wa kufungia.

Kaka akachuchumaa karibu nami. "Ficha mbili tatu," akanong'ona. "Hakuna mwenye anazijua zote."

"Mimi nazijua," nikasema.

Nilivifunga vyote. Mnyororo wa baiskeli yake nikaupitisha katikati mbele ya macho yake, kijiti cha mwiko nikakikaza pembeni. Nilifunga kivuta bearing, mabomba ya nati, na kibao changu nilikivunja nikachukua vyuma vyake. Mwisho nikaweka kibana springi, kifuani pake hasa, nikakikaza kwa waya hadi vidole vikatoka damu. Sikutaka hata mtu mmoja aseme nimemwibia. Hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko haja yangu, na nilitaka ashibe. Nikachanganya simiti mwenyewe, simiti nyingi na mchanga kidogo, nikamwaga, nikasawazisha kwa ubao. Kaburi lile halijapata ufa hadi leo. Ng'ombe hulipanda, mvua hulipiga, nalo limekaa. Nilipokuwa nikiosha mikono ndipo nilipotambua kwamba baba amelala chini ya kitanda cha mama na hatatoka.

Mume wangu alinisubiri kwenye kivuli cha ghala, amekula, amepangusa mdomo. Nilikusanya nguo ndani ya gunia la mahindi, kwa kuwa sanduku sikuwa nalo. Kaka alikuwa tayari ameanza kupanga spana zake, na msumeno ameutundika begani kama bunduki. Nikamwomba wembe mmoja tu wa msumeno huo, ule uliotumika. Akanipa, hakuona kazi yake. Nikauviringisha kwenye kitambaa nikauingiza kwenye kitenge nilichombebea mtoto mgongoni, ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea na alilalamika njia nzima.

Bungoma nilikuta nyumba imepakwa rangi. Kitanda kilikuwepo kweli, kipya, cha vyuma vya pembe vizito, kimechomelewa vizuri na fundi anayejua. Mshipi wa feni pia ulikuwepo, msumarini. Nilipika, nikafua, nikaitika. Majirani walisema nimetulia. Mume wangu alimwambia mchungaji wa pale kwamba mke akipelekwa kwa baba yake miaka michache hurudi na akili, na mchungaji akakubali.

Asubuhi moja aliondoka na lori la miwa. Nikatoa godoro nikaliegemeza ukutani. Nikapindua kitanda nje, mbele ya nyumba, juani, nikashika ule wembe wa msumeno kwa kitambaa na kuanza. Bila fremu ni kazi ngumu, unakata kidogo unapumzika. Majirani walisimama ukutani wakaniuliza kama nimerukwa. Karibu na pale palikuwa na mchomeleaji wa mageti, nikampa miguu ya kitanda kama malipo, akanichomelea ndoano jinsi nilivyomwelekeza, zenye midomo. Bolti alizitoa kwenye chakavu chake. Kwenye chakavu hicho palikuwa na springi ya gari iliyotupwa, nikaibeba nyumbani kujaribia.

Mume wangu alifika jua likiwa bado lipo. Aliona godoro limelala sakafuni. Aliona vipande vya kitanda. Nami nilikuwa nimekaa kwenye kigoda katikati ya chumba, springi imebanwa mbele yangu imesinyaa kabisa, na spana ya mchomeleaji iko juu ya nati.

Akageuka kuelekea mlangoni. Nikasikia mlio wa msumari.

"Jua hii ni nini kwanza," nikamwambia. "Mnyororo wa kuizuia sijaweka. Hii ikichomoka inavunja mfupa. Mimi ilinivunja. Sogea basi, nifungue."

Nikaizungusha nati kidogo, na chuma kikalia. Alisimama na mshipi mkononi. Nilimwona akitazama springi, akinitazama mimi, akijaribu kujua kama nitafanya, na mimi mwenyewe nilikuwa najua: ningefanya, na mtoto wetu akiwa pale uani. Hilo aliliona. Akaurudisha mshipi msumarini polepole, kama mtu aliyekuwa akitafuta koti tangu mwanzo.

"Sasa mimi nitarara wapi?" akauliza.

Nilianza kucheka. Kilikuwa kicheko kizuri, kilitoka chini kabisa, na nilikijua ni cha nani.

"Kwani chini imehama?" nikasema.